Kompyuta imejisasisha, printa imegoma: Tatizo la draiva na kwa nini linamgusa hata asiye na kompyuta

Katika senta nyingi za vijijini kuna chumba kimoja ambacho kata nzima hukitegemea. Ni steshenari: kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya fotokopi na kijana mmoja nyuma ya kaunta. Hapo ndipo mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu huchapa fomu ili akaisainishe, mwalimu huchapa mtihani wa majaribio, kikundi cha vikoba huchapa katiba yake na mkulima huchapa barua ya kupeleka halmashauri. Siku kompyuta ile inapowaka lakini printa haitii amri, hasara si ya mwenye duka peke yake. Ni hasara pia ya yule aliyelipa nauli ya bodaboda kufika pale na hajui hata jina la tatizo lenyewe.

Malalamiko ya namna hii hufanana sana. Jana kila kitu kilikuwa sawa. Usiku, au wakati wa kuzima, kompyuta iliandika kwamba inajisasisha na kwamba isizimwe. Leo printa haionekani, au Wi-Fi imetoweka, au sauti haitoki, au skrini imekuwa na maandishi makubwa yasiyo na mpangilio. Wengi hudhani ni kirusi, au kifaa kimekufa. Hapo fundi asiye mwaminifu hupata mwanya wa kuuza kifaa kipya.

Mara nyingi kifaa ni kizima. Kilichoharibika ni maelewano kati ya kifaa na kompyuta. Tunaeleza hapa jambo hili hutokeaje, limewahi kutikisa dunia kwa kiasi gani, na mtu mwenye simu mkononi anaweza kufanya nini.

Draiva ni mkalimani

Ndani ya kompyuta kuna programu kuu inayoendesha mambo yote. Kwa kompyuta nyingi za ofisini na madukani programu hiyo ni Windows, ya kampuni ya Microsoft. Printa, kadi ya Wi-Fi, kamera na kisoma alama za vidole ni vifaa vilivyotengenezwa na kampuni nyingine nyingi, na kila kimoja kina lugha yake. Draiva ni programu ndogo inayokaa katikati kama mkalimani: inapokea amri ya Windows na kuifikisha kwa printa katika lugha ambayo printa inaielewa.

Sasa Windows inapobadilishwa, mkalimani anaweza kukwama kwa njia nne.

Kwanza, sasisho huleta mkalimani mpya wa jumla na kumweka pembeni yule wa zamani aliyekijua kifaa vizuri. Printa huchapa, lakini haichapi pande mbili, au haisomi ukubwa wa karatasi.

Pili, sheria za usalama hubadilika, na draiva iliyokuwa inakubalika jana leo inazuiwa mlangoni.

Tatu, draiva huondolewa kwa makusudi kwa sababu ni ya zamani na ina tundu ambalo wahalifu wanaweza kupita.

Nne, na hii ndiyo tunaifahamu sana huku kwetu: umeme hukatika au bando huisha katikati ya sasisho, na kazi hubaki nusu.

Mambo yaliyowahi kutokea

Yote haya yana mifano. Tarehe 9 Machi 2021 Microsoft ilitoa sasisho lake la kawaida la mwezi. Baadhi ya kompyuta zikaanza kuzimika kwa skrini ya bluu kila mtu alipobonyeza kuchapa kwenye aina fulani za printa. Kampuni ilitoa marekebisho ya dharura Machi 15. Kwa wiki nzima karibu, ofisi ambazo hazikuwa na kosa lolote zilikuwa na printa nzima ambazo hazikuweza kutumika.

Mwaka huohuo uligunduliwa udhaifu mkubwa katika sehemu ya Windows inayosimamia uchapaji. Wataalamu waliupa jina la PrintNightmare. Mhalifu angeweza kuutumia kuingiza draiva bandia na kuitawala kompyuta. Kuanzia Agosti 10, 2021, Windows ikaanza kudai ruhusa ya msimamizi wa kompyuta kabla ya kupokea draiva za printa. Uamuzi ulikuwa wa busara. Lakini katika ofisi ambako nywila ya msimamizi anayo mtu mmoja, naye yuko wilayani, printa ya mtandao iliyokuwa inajiunga yenyewe ilianza kudai nywila ambayo hakuna aliyekuwa nayo.

Oktoba 2025, Microsoft iliondoa kabisa katika Windows draiva moja ya modemu za faksi za zamani, kwa sababu ilikuwa na tundu la usalama. Kampuni ilisema wazi kwamba modemu zinazoitegemea draiva hiyo hazitafanya kazi tena.

Upo pia mfano unaogusa soko letu la vifaa vya bei nafuu. Mwaka 2014, kampuni ya FTDI ya Scotland, inayotengeneza chipu za waya zinazounganisha kompyuta na mizani, mashine za maabara na vifaa vya aina hiyo, ilitoa draiva mpya iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows. Draiva ile ilipokutana na chipu ya kughushi, iliifuta namba ya utambulisho, na waya ukawa hautambuliki tena kwenye kompyuta. Kelele zilikuwa kubwa na draiva ikaondolewa. Lakini funzo lilibaki: mtu aliyenunua waya dukani kwa nia njema, bila kujua ni wa kughushi, ndiye aliyepata adhabu, si aliyeughushi.

Na tukio kubwa kuliko yote ni la Julai 19, 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili la maelekezo kwa programu yake ya ulinzi. Faili lenyewe halikuwa draiva, lakini lilisomwa na draiva ya kampuni hiyo inayokaa ndani kabisa ya Windows, mahali ambapo kosa dogo huangusha kompyuta nzima. Lilikuwa na kasoro. Kampuni ililirudisha baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka. Ndege zilifutwa safari, hospitali ziliahirisha huduma, benki zilisimama. Hizo zilikuwa chini ya asilimia moja ya kompyuta zote za Windows duniani. Na kwa sehemu kubwa dawa ilikuwa ya mikono: mtu aende kwenye kila kompyuta, aiwashe kwa hali ya usalama, alifute faili lile.

Je, basi tuzime masasisho?

Hili ndilo jibu la haraka ambalo mafundi wengi wa mitaani hulitoa: "Zima apdeti kabisa, utakaa kwa amani." Lina mvuto wake, kwa sababu huokoa bando na huondoa bughudha. Lakini tuliangalie na upande wa pili.

Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja la Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 12, 2017, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilianza kupita katika tundu hilohilo. Ilifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Ilifika katika nchi zaidi ya 150 na kompyuta zaidi ya 200,000. Nchini Uingereza, hospitali za umma zilirudisha wagonjwa nyumbani. Walioumia ni wale ambao sasisho la Machi lilikuwa halijafika kwenye kompyuta zao.

Kwa hiyo mwenye steshenari yuko kati ya hatari mbili. Akisasisha, printa inaweza kugoma siku moja. Asiposasisha, anaweza kupoteza mafaili ya wateja wote siku moja, na pamoja nayo nakala za vyeti na vitambulisho ambavyo watu wamemwachia kwa kumwamini. Kati ya hizo mbili, ya kwanza inatibika. Ya pili mara nyingi haitibiki. Msimamo wetu ni kwamba masasisho yapokelewe, ila yapokelewe kwa mpango.

Hatua za kufuata printa au Wi-Fi inapogoma

Anza na mepesi. Angalia waya, umeme na karatasi. Kisha washa kompyuta upya kwa kuchagua Restart, usichague Shut down. Watu wengi hawajui tofauti. Katika Windows za siku hizi, Shut down mara nyingi huhifadhi sehemu ya ndani ya mfumo ili kompyuta iwake haraka, na kwa hiyo kosa la jana huamka nalo. Restart huanza upya kabisa. Tatizo jingi huishia hapa.

Hakikisha kifaa ni kizima. Printa nyingi zina namna ya kujichapia ukurasa wa majaribio bila kompyuta. Au iunganishe na kompyuta nyingine. Ikichapa, usikubali kuambiwa imekufa.

Msikilize Windows mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Device Manager. Utaona orodha ya vifaa. Chenye shida huwa na pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Kibofye mara mbili, na utasomewa namba ya kosa. Namba 28 maana yake draiva haipo. Namba 10, kifaa kimeshindwa kuanza. Namba 22, kifaa kimezimwa na mtu, kiwashe tu. Namba 43, kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu, hivyo Windows imekisimamisha. Namba hiyo ndiyo ya kumtajia fundi kwa simu. Itamwokoa muda, na itakuokoa wewe fedha.

Mrudishe mkalimani wa zamani. Katika dirisha hilohilo, kwenye ukurasa wa Driver, kuna kitufe cha Roll Back Driver. Kikiwa kinabonyezeka, kibonyeze na uwashe kompyuta upya. Kikiwa kimefifia, maana yake hakuna draiva ya awali iliyohifadhiwa. Basi chagua Uninstall Device, kisha Restart, na Windows itajaribu kukitambua kifaa upya.

Chukua draiva kwa mwenyewe. Ikishindikana, pakua draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa au kompyuta mpakato hiyo, kwa kufuata namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini au nyuma yake. Usibahatishe modeli inayofanana.

Liondoe sasisho lenyewe. Hii ni hatua ya mwisho. Katika mipangilio ya Windows Update, fungua historia ya masasisho, chagua Uninstall updates, ondoa la karibuni kabisa, kisha simamisha masasisho kwa wiki moja au mbili. Ukisimamisha, andika tarehe ya kuyafungulia. Tusiondoe sasisho la ulinzi leo na kulisahau mwaka mzima.

Simu yako ndiyo dawa

Kuna fumbo ambalo huwakwamisha wengi: Wi-Fi imekufa kwa kukosa draiva, na draiva iko kwenye intaneti. Utaifikaje?

Jibu liko mfukoni. Unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wa kuchajia unaoweza kupitisha data. Kwenye mipangilio ya mtandao ya simu, washa kusambaza intaneti kwa USB. Kwa kawaida Windows huitambua simu kama waya wa mtandao bila kuhitaji Wi-Fi, na kompyuta inaingia hewani. Njia nyingine ni kupakua draiva kwenye simu yenyewe, kisha kuihamishia kwenye kompyuta kwa waya huohuo kama unavyohamisha picha.

Tahadhari moja: kompyuta iliyokaa muda mrefu bila mtandao, ikiuona tu, inaweza kuanza kupakua masasisho yake yote na kumaliza bando lako kabla draiva haijafika. Mara tu inapoungana, nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo na uwashe Metered connection, yaani mtandao wa kupimiwa. Windows itapunguza upakuaji wake. Na kwa printa, tafuta kifurushi chenye draiva peke yake. Vifurushi kamili vya baadhi ya kampuni hubeba programu nyingi usizozihitaji.

Wanaokungoja njiani

Ukitafuta draiva mtandaoni, watakaokuja mbele mara nyingi si watengenezaji. Ni tovuti na programu zinazodai kurekebisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingine hukuonyesha orodha ndefu ya makosa ili ulipe, nyingine hubeba matangazo au programu hasidi. Kumbuka draiva hukaa ndani kabisa ya mfumo. Kumpa mgeni ruhusa ya kuiweka ni kumpa ufunguo wa nyumba.

Vivyo hivyo, mtu akikupigia simu akijitambulisha kuwa ni wa Microsoft na kwamba ameona kompyuta yako ina tatizo, kata simu. Kampuni hiyo haipigii watu simu ambazo hawakuziomba ili kuwatengenezea kompyuta.

Mzigo unaokuja kwa kompyuta za mitumba

Tatizo hili halielekei kupungua. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya bure ya kawaida kwa Windows 10, iliyotoka mwaka 2015. Ulitangazwa mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi, hadi Oktoba 2026, unaohusu marekebisho ya usalama tu. Windows 11 nayo haipokei kila kompyuta: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kwa ujumla kizazi cha nane. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa kwetu, imara na zenye kazi nzuri, hazifiki hapo.

Kuna wanaozilazimisha kupokea Windows 11 kwa njia za pembeni. Hufanya kazi, lakini mtengenezaji wa kompyuta ile hakuandika draiva kwa ajili ya mfumo huo, na Microsoft haihakikishi kwamba itaendelea kuisasisha. Mnunuzi anayeambiwa dukani kwamba kompyuta "ina Windows 11" aulize kizazi cha prosesa kabla ya kutoa fedha.

Upande wa printa, Microsoft ilitangaza Septemba 2023 kwamba itapunguza hatua kwa hatua kusambaza draiva za watengenezaji kupitia masasisho yake, na kutumia zaidi draiva moja ya jumla ambayo printa mpya zinaielewa. Kwa printa mpya ni habari njema, wakalimani watapungua. Kwa printa ya zamani iliyoko steshenari, maana yake ni kwamba mwenyewe atatakiwa kuitafuta draiva na kuitunza.

Nani afanye nini

Tukiutazama mnyororo wote, kampuni inayotuma sasisho iko mbali, mtengenezaji wa printa ameshahamia kwenye modeli mpya, na gharama inamwangukia aliye mwisho wa mstari. Hatuwezi kubadilisha hilo kutoka hapa tulipo. Lakini tunaweza kupunguza maumivu.

Mwenye duka, na pia shule, zahanati au ofisi ya kata, awe na flashi moja ya draiva za vifaa vyake vyote, aipakue leo wakati kila kitu kinafanya kazi. Fundi anaweza kunakili zote kwa pamoja: afungue folda mpya kwenye flashi, kwa mfano D:\draiva, kisha kwa ruhusa ya msimamizi aandike amri pnputil /export-driver * D:\draiva na kubonyeza Enter. Ofisi yenye kompyuta kadhaa isasishe moja kwanza, iitazame kwa siku chache, ndipo ifuate nyingine. Masasisho yasipokelewe usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya maombi au siku ya mtihani. Na nywila ya msimamizi ijulikane kwa watu wawili wanaoaminika, si mmoja aliye safarini.

Kwako wewe usiye na kompyuta, lipo la kufanya pia. Usingoje siku ya mwisho ya fomu. Hifadhi nakala yake kwenye simu kwa muundo wa PDF, ili duka moja likishindwa uende la pili bila kuanza upya. Na ukikuta kijana wa steshenari ameinamia kompyuta iliyojisasisha usiku, muulize kama ameshajaribu Restart, na kama hana intaneti, mpe waya na simu yako kwa dakika kumi. Huenda fomu yako ikatoka siku hiyohiyo, na za walioko nyuma yako kwenye foleni.